Mwenyekiti wa Kamati Zote na Folda ya Pamoja

Nchi yenyewe ipo, na huenda baadhi yenu mmekwisha kupita hapo. Jina lake tu ndilo tusilolitaja, kwa sababu lilipelekwa kwenye Kamati ya Majina likapigwe msasa, na mpaka leo halijarudi. Ni nchi ya watu wapole, wenye adabu zao, wanaopenda vikao kama watu wengine wanavyopenda mpira. Mtoto akizaliwa huulizwa ni wa nani. Akikua huulizwa yumo kamati gani.

Mheshimiwa Badi Mwinyigogo alikuwamo katika zote, na katika zote alikuwa mwenyekiti. Kazi yake hasa ilikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Pamoja, ila hiyo aliifanya pale kikao kinapovunjika mapema. Aliongoza Kamati ya Maji, Kamati ya Barabara, Kamati ya Kusuluhisha Maji na Barabara, Kamati ya Miti ya Mapambo, na Kamati ya Kuandaa Kamati. Hakuwa mtu mbaya, msije mkanielewa vibaya. Hakuwahi kula jasho la mtu wala kumfokea dereva. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakujua kukataa cheo. Akipewa alipokea, kama mtoto anavyopokea andazi hata kama jingine bado liko mdomoni. Kadi yake ya jina ilibidi ikunjwe ndipo iingie mfukoni, na washereheshaji wa mji walikuwa wakimtambulisha kwa kupokezana, mmoja akikauka koo mwenzake anaendelea.

"Cheo ni dhamana," alipenda kusema, na wote waliokuwa mezani waliandika.

*

Mambo yalianza pale Idara ya Maji ilipotaka kubadilisha bomba moja lililooza. Mafundi walichimba shimo zuri katikati ya barabara kuu, wakaifunga koki kuu ya mji, wakakaa kusubiri kibali cha bomba jipya. Shimo lilikuwa limechimbwa vizuri mno kiasi kwamba waliolichimba walipandishwa vyeo papo hapo, wakahamishiwa mikoani wakawafundishe wengine. Idara ya Barabara ikapita, ikaona shimo halina mtu, ikahuzunika. Ikalifukia, ikashindilia, ikamwaga lami mpya kuanzia sokoni hadi mzunguko wa kati, nyeusi tii, halafu ikasimamisha jiwe la uzinduzi lenye jina na vyeo vyote vya Mheshimiwa Mwinyigogo. Lilikuwa jiwe kubwa, maana vyeo vilikuwa vingi.

Mafundi wapya wa maji walipofika na spana zao na bomba jipya, walikuta utepe umekatwa, bendi inapiga, na Mheshimiwa anawapongeza wananchi kwa kupata barabara isiyo na shimo hata moja. Waliona haya kumkatiza. Wakasimama pembeni wakapiga makofi pamoja na wengine.

Kwa hiyo mji ukawa na bomba jipya na barabara mpya, lakini hauna maji, na hakuna aliyejua koki iko wapi. Walichimba kwa kubahatisha. Mahali pamoja walikata waya wa simu, pengine wakafukua mzizi wa mti wa mapambo wakashtakiwa na kamati inayohusika. Maboza ya maji nayo yalikuwa yakijaza kutoka bomba lile lile, hivyo yalibaki yameegeshwa, yamekauka kama koo la aliyefunga saumu saa kumi jioni.

Mheshimiwa angeweza kuvumilia, maana nyumbani kwake kulikuwa na tangi. Lakini tangi nalo lina mwisho wake, na Jumamosi ile alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Salha. Wakwe walikuwa wanatoka Mto Mweupe, nchi ya chemchemi, kwa watu wanaooga asubuhi, mchana na jioni, na ambao wakikaa karibu na asiyeoga humwambia.

"Baba Salha," mkewe, Bi. Zamda, alimwambia asubuhi moja akimkabidhi kopo la maji ya kuogea, kopo lenyewe la nyanya, "watu wanakuja na ukoo mzima. Nitawapikia pilau kwa mate?"

"Kamati ya Maji inakutana leo, Mama Salha."

"Ilikutana na jana."

"Jana ilikuwa kuthibitisha mahudhurio."

"Na hizo kamati zako zote, hakuna hata moja yenye ndoo?" Bi. Zamda aliuliza, akarudi jikoni bila kusubiri jibu.

Mheshimiwa alioga kwa kopo lile. Povu la sabuni lilibaki sikioni, akaenda nalo kazini.

*

Huko kazini alikumbushwa kwamba ramani ya mabomba yote ya mji ipo, na imehifadhiwa salama. Imo kwenye Folda ya Pamoja.

Hapa yafaa nieleze. Wizara ilikuwa na mtandao wa kompyuta, na ndani ya mtandao kulikuwa na folda moja kubwa ambamo nyaraka zote za nchi ziliwekwa, ili kila mwenye shida nazo azifungue kutoka kwenye kompyuta yake. Wazo hilo liliwatia watu wasiwasi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo walilikubali kwa makofi, kisha wakaunda kamati za kulilinda.

Mheshimiwa alikaa, akavaa miwani, akabofya. Kioo kikamwandikia: *Huna ruhusa ya kufungua folda hii. Tafadhali wasiliana na msimamizi.*

"Mpigie simu msimamizi," alimwambia karani wake kwa upole.

Karani akatoka, akatafuta namba ya msimamizi, akapiga. Simu ya mezani kwa Mheshimiwa ikalia.

"Mwinyigogo hapa. Niko kikaoni," Mheshimiwa akajibu kama ilivyokuwa kawaida yake, akakata.

Karani akarudi. "Mheshimiwa, msimamizi anasema yuko kikaoni."

"Huyo mtu anaringa!" Mheshimiwa akasema. "Mwandikie barua kali."

Barua kali ikaandikwa, naye Mheshimiwa alipoisoma ilimuudhi sana. Aliijibu kwa lugha nzito, na majibizano hayo yangeendelea mpaka leo kama karani asingegundua kwamba saini za pande zote mbili zinafanana. Msimamizi wa Folda ya Pamoja alikuwa ni Mheshimiwa mwenyewe. Aliteuliwa zamani, akapokea, akasahau.

*

Ndipo akaitwa Mhandisi Pulkeria Ngonyani, mkuu wa Kitengo cha Mitandao na katibu wa Kamati ya Nyaya. Alikuwa amesoma ng'ambo, vyeti vyake vimejaa ukutani hadi dirisha halifunguki, na alikuwa na tabia ya kuitazama kompyuta kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Tuizime, tuiwashe," akasema.

Kuzima kulikuwa chini ya Kamati ya Kuokoa Umeme na kuwasha kulikuwa chini ya Kamati ya Matumizi ya Umeme, lakini kwa kuwa mwenyekiti ni mmoja, mambo yalikwenda haraka. Wakazima, wakawasha. *Huna ruhusa.* Wakabadilisha waya. *Huna ruhusa.* Mtu mmoja akashauri kwamba labda Mheshimiwa abadilishe kiti, naye Mhandisi, ambaye hakuwa na wazo bora zaidi, akasema hilo linawezekana kitaalamu. Wakaleta kiti cha Waziri chenye mgongo mrefu. Kompyuta haikuona tofauti.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Telesfori Lukwaro, aliletwa ajaribu. Alihutubia kwanza. Alisema kwamba nchi haijengwi kwa folda zilizofungwa wala kwa folda zilizo wazi, bali kwa folda zenye utaratibu. Kisha akabofya kwa kidole cha shahada, akanyimwa ruhusa kama wengine, akasema ameridhishwa na usalama wa mtandao.

Katikati ya shughuli hiyo akaingia Mzee Kindamba.

Kindamba alikuwa Naibu Katibu Mkuu hadi siku alipopiga miayo wakati Waziri akihutubia. Alivuliwa kila kitu, hata ujumbe wa Kamati ya Maua. Siku hiyo alipenya lango nyuma ya msafara wa Waziri, kuchukua miwani yake aliyoisahau kwenye droo. Aliivaa, na ili ajue kama bado anaona vizuri, akaketi kwenye kompyuta yake ya zamani, ambayo hakuna kamati iliyokuwa imekutana kumfutia, akabofya kitu cha kwanza alichokiona.

"Mbona hii ipo wazi tu?" sauti yake ikasikika kutoka chumba cha pili.

Mheshimiwa Mwinyigogo alikimbia, jambo ambalo wafanyakazi hawakuwahi kuliona. Na kweli, Folda ya Pamoja ilikuwa imefunguka mbele ya Kindamba kama mlango wa jikoni. Ramani ya Mabomba ilikuwa pale, inaonekana kwa macho. Mheshimiwa akanyoosha mkono. Kabla hajafika, askari wa lango walikwisha kuingia na kumkamata Kindamba, maana ilikatazwa mtu aliyefukuzwa kugusa kompyuta ya serikali. Mheshimiwa alitaka kuwazuia. Walimwonyesha saini yake kwenye katazo hilo, wakapiga saluti, wakazima kompyuta, wakamtoa mzee wa watu nje pamoja na miwani yake.

*

Kindamba akaitwa tena. Lakini mtu asiye na cheo hakuruhusiwa kupita lango, kwa hiyo ilibidi apewe. Aliapishwa kuwa Mshauri Maalumu wa Kufungua, Waziri akamshika mkono, picha zikapigwa. Akaingia kwa heshima zote, akaketi, akabofya.

*Huna ruhusa.*

Mhandisi Pulkeria aliinamia kioo, akasoma orodha ya makundi. Halafu akaanza kucheka, akajizuia, akajifanya anakohoa.

"Mheshimiwa," akasema, "nimeona ugonjwa. Kila kamati ilipozaliwa, jambo lake la kwanza lilikuwa kuwawekea zuio watu wa kamati nyingine. Maji waliwazuia Barabara, Barabara wakawazuia Maji, Maua wakawazuia wote. Na kwenye mtandao zuio hushinda ruhusa. Hata upewe ruhusa na kamati mia, ikikuzuia moja umezuiwa. Mimi nimezuiwa mara chache. Waziri zaidi. Wewe…"

"Mimi nani kanizuia?"

Mhandisi akatazama dari. "Wenyeviti wa kamati ndio wanaotia saini."

Mheshimiwa alilifikiria hilo taratibu. "Yaani nimejizuia mwenyewe?"

"Kwa kauli moja, Mheshimiwa. Kila mara."

"Na Kindamba aliingiaje?"

"Alikuwa hayumo popote. Mtu asiye na cheo wala kamati huhesabiwa kwenye kundi linaloitwa Kila Mtu, na Kila Mtu ana ruhusa yote tangu mtandao ulipowekwa. Hakuna aliyekumbuka kulizuia kundi hilo, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu humo."

Ilionekana rahisi: mazuio yaondolewe. Kamati zikaitishwa moja moja. Maji ikasema iko tayari kuondoa zuio lake mara tu Barabara itakapoondoa la kwake. Barabara ikaeleza kwamba inaisubiri Maua. Maua ikasema haiwezi kuvua nguo sokoni peke yake. Basi akatafutwa mtu mmoja jengoni asiye na cheo, lakini madereva walikuwa kwenye Kamati ya Matairi na wapika chai kwenye Kamati ya Vikombe, na hakuna aliyekubali kuvuliwa. Mtu wa mtaani naye hakuwa na akaunti, na maelekezo ya kumfungulia akaunti yalikuwa ndani ya folda.

Wakamwomba Kindamba arudishe kile cheo chake kipya.

"Mheshimiwa," Kindamba akajibu akikishika kitambulisho chake kifuani, "nimekaa benchi hadi majirani wameanza kunitumia kuchunga kuku wao. Hiki sirudishi."

Watu wote chumbani wakageuka polepole, kwa adabu, wakamtazama Mheshimiwa Mwinyigogo.

*

Jioni hiyo hakula. Alikaa sebuleni na kadi yake ya jina imekunjuliwa mapajani, anaisoma kutoka juu hadi chini.

"Wanataka niviache," alimwambia mkewe.

"Vyote?"

"Vyote. Hata Ukatibu Mkuu. Kikibaki kimoja, folda haifunguki."

Bi. Zamda akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu maji yakatike. Salha alisimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Baba, usijali," msichana akasema. "Tutasogeza harusi. Nitawaambia wakwe kwamba kwetu kuna ukame."

Alilisema kwa sauti nzuri, ya kumtuliza, na hiyo ndiyo iliyomuumiza baba yake. Angekuwa amelia au amelalamika, Mheshimiwa angeunda kamati. Lakini mtoto alikuwa tayari kusingizia mvua kwa ajili ya kumstahi. Mheshimiwa aliona aibu, aibu ya kweli, na hakujua atazame wapi.

"Nitabaki nani mimi, Zamda?" akauliza Salha alipoondoka. Ilikuwa muda mrefu hajamwita mkewe kwa jina.

"Mimi niliolewa na Badi," Bi. Zamda akasema. "Hao wengine walikuja nyuma mmoja mmoja, wakakaa, wakanijazia nyumba. Sikuwaalika, nikawavumilia. Wakitaka kuondoka, mlango haujafungwa."

*

Lisilo budi hutendwa. Asubuhi ya Ijumaa Mheshimiwa aliketi mbele ya kompyuta yake na wizara nzima ikakusanyika. Waziri Lukwaro akavisoma vyeo kimoja kimoja, na kwa kila kimoja Mheshimiwa akajibu, "Naachia." Mhandisi Pulkeria alikuwa kwenye kompyuta yake pembeni, akilifuta jina lake kwenye kila kundi kadiri lilivyotajwa. Kwenye Kamati ya Vikombe wapika chai walijifuta machozi. Kwenye Kamati ya Kuandaa Kamati mtu mmoja alizimia, akapepewa. Kilipotajwa Ukatibu Mkuu, Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Naachia."

Waziri alitoa leso. Alikuwa ameguswa, na katika nchi ile Waziri akiguswa ni hatari.

"Ndugu zangu," akasema, "mtu aliyejitoa namna hii hawezi kuachwa hivi hivi! Kwa mamlaka niliyonayo, namteua kuwa Raia Mkuu Asiye na Cheo, mwenye gari na mlinzi. Leteni cheti! Iteni bendi!"

Makofi yakavuma. Mtu akakimbilia cheti, na huko nje tarumbeta likaanza kujaribiwa. Mwinyigogo alijikuta amenyanyuka nusu kitini, akifunga kifungo cha koti. Mwili ulikuwa umezoea.

"Bofya, mzee," Mhandisi Pulkeria akamnong'oneza. Hakumwita Mheshimiwa. "Bofya sasa hivi, kabla bendi haijafika."

Katika maisha yake yote ya utumishi Badi Mwinyigogo hakuwahi kuanza jambo lolote kabla ya bendi. Ngoma ilikuwa tayari kwenye ngazi. Aliketi tena, akafumba macho, akabofya.

Folda ikafunguka. Akaichapisha ramani, akaishika ikiwa bado ina joto la mashine, akapenya katikati ya wapiga tarumbeta akitoka nao wakiingia. Waziri alibaki amenyoosha cheti hewani.

Ramani ilisema koki kuu iko chini ya jiwe la uzinduzi. Mafundi walimtazama mwenye jiwe, wakaona haya kama kawaida yao.

"Vunjeni," akasema.

Wakavunja. Jina lake lilipasuka kwanza, kisha vyeo, na kwa kuwa vilikuwa vingi ilichukua hadi alasiri. Walipofika kwenye koki, wakatia bomba jipya, wakafungua. Mji mzima ulisikika ukikoroma kwenye mabomba, ukakohoa, halafu wanawake wakaanza kupiga vigelegele nyumba hadi nyumba.

*

Wakwe wa Mto Mweupe walifika Jumamosi wakiwa wasafi, wakakuta wenyeji nao ni wasafi. Pilau iliiva. Mshereheshaji alishika kipaza sauti, akajiandaa kwa pumzi ndefu kama alivyozoea, akaangalia karatasi yake.

"Na huyu," akasema, "ni baba wa bibi harusi."

Akamaliza. Watu walikuwa hawajawahi hata kuiweka mikono tayari kwa makofi, ikabidi arudie.

Kwa desturi ya huko, mwenye nyumba ndiye anayewanawisha wageni wa heshima. Mwinyigogo alivua koti, akapita kwenye mkeka akiwa na birika mkono huu na beseni mkono ule. Alikuwa amewanawisha wakwe wawili, watatu, alipoona gari lenye bendera limesimama nje. Waziri Lukwaro akaingia na cheti chake, kimewekewa fremu, kina maandishi ya dhahabu.

"Ulituponyoka jana!" akasema kwa furaha. "Nimekuletea mwenyewe. Pokea."

Sasa, katika nchi ile uteuzi haukamiliki mpaka mteuliwa aupokee kwa mikono miwili. Akipokea kwa mmoja ni dharau, na asipopokea kabisa, mwenye kuteua hawezi kukiacha cheti mezani, maana meza haiteuliwi. Kila mtu pale alilijua hilo. Mwinyigogo alikitazama cheti. Dhahabu ile ilimwingia moyoni, siwezi kuwadanganya. Vidole vyake vilicheza kwenye mpini wa birika. Bi. Zamda alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Mheshimiwa Waziri," Mwinyigogo akasema, "umefika wakati mzuri. Kaa, unawe."

Waziri alisimama na cheti chake. Akamtazama mwenyeji wake, akaitazama ile mikono iliyojaa birika na beseni, akatafuta mtu wa kumshikia. Hapo sinia la kwanza likapita karibu naye, mvuke wa pilau ukimpanda puani, na nyama juu yake ni ya mbuzi. Akaketi. Cheti akakiweka chini ya paja, maana hapakuwa na pahali pengine, akakunja mikono ya shati.

Badi Mwinyigogo akainamisha birika. Maji yakamiminika juu ya mikono ya Waziri, mengi, zaidi ya yaliyohitajika, kisha akasogea kwa mgeni aliyefuata, ambaye alikwisha kunyoosha yake.